Bima ya Simu ya Dobi

Mimi ni dobi. Mume wangu naye ni dobi. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Wateja wananiita Mama Povu, na yeye wanamwita Baba Pasi. Tuna vyumba viwili na ua wa nyuma. Chumba kimoja tunalala, cha pili kina meza ya pasi. Ua ni wangu, mimi na mabeseni yangu manne: la kulowekea, la kufulia, la kusuuzia na la wanga wa kukazia kola.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshainama. Naloweka, nafua, nasuuza, nakamua, naanika. Nguo zikikauka naziingiza ndani, na Baba Pasi anazipokea. Hapo utasikia anazungumza na kola za watu kana kwamba ni watoto wake.

Kazi yetu kubwa ni makoti ya zahanati. Yako kumi na tisa. Yote ni meupe, yote yana mikono mirefu na mifuko miwili. Ukiyaanika kwenye kamba, hujui lipi la daktari na lipi la mpima damu. Lakini wenyewe wanajua! Mpe mtu mfupi koti la mtu mrefu uone atakavyokuja juu. Na kuandika majina kwenye kola hatukuruhusiwa, maana muuguzi mkuu hataki hata tone la wino kwenye makoti yake.

Kwa hiyo tulitafuta njia yetu. Kila nikienda kuchukua makoti, nampiga mtu picha akiwa ameshika koti lake. Kisha napiga picha ya alama ndogo: mfuko uliochanika, doa la chai, kifungo kisichofanana na wenzake. Jioni Baba Pasi anatazama picha, anapanga makoti, anafunga kila koti peke yake na kujua la nani. Simu kwetu si ya salamu tu. Ndiyo inayojua nguo ya nani ni ipi.

Sasa, miezi mitatu kabla ya haya ninayokueleza, simu yetu ya kwanza ilipotea. Nilikuwa nimepeleka mashuka kwa mteja. Kurudi, nikamkuta mume wangu amesimama mlangoni, jasho linamtoka. Akaniambia simu imeibiwa. Alisema yeye alikuwa ndani anapiga pasi, simu ilikuwa uani, mtu akaingia akaibeba. Nikamuuliza ni nani aliyepita. Akasema hakuona mtu.

Nikatazama nje. Ng'ambo ya uchochoro wetu kuna fundi viatu. Mlango wake unatazamana na wetu, na kutwa nzima yuko pale na nyundo yake. Nikajijibu mwenyewe kimoyomoyo. Kuanzia siku ile, fundi viatu akinisalimu napita kama sijasikia. Viatu vyangu nikawa napeleka kwa fundi mwingine, mbali kabisa, juani. Mume wangu aliona hayo yote na hakusema neno.

Wiki ile bila picha, makoti yalichanganyika yote. Daktari alivaa koti lililomfika viwikoni. Dada wa usafi alivaa lililokuwa linafagia sakafu kabla yake. Muuguzi mkuu aliniita pembeni, na hakupaza sauti, jambo lililonitisha zaidi. Aliniambia kwamba yakichanganyika tena, atatafuta dobi mwingine. Zahanati ni zaidi ya nusu ya kazi yetu.

Tukawa tunaazima simu ya kupigia picha huku tunajinyima, mpaka tukanunua simu nyingine. Na hii sitaki ipotee, nikasema, maana ikipotea hii na kazi imekwenda.

Duka lilikuwa na wakala wa bima, dada mmoja wa sare ya kijani, mchangamfu, anayezungumza haraka mpaka unachoka wewe unayesikiliza. Alituambia kwamba simu mpya inakatiwa bima ndani ya siku thelathini tu. Zikipita hizo, kampuni haiichukui. Tukasema tutafikiri. Tukafikiri mpaka zikabaki siku tano. Ndipo akaja nyumbani na karatasi.

Mimi siku hiyo sikuwepo. Alimkuta Baba Pasi. Wakajaza nusu ya fomu wawili hao, kisha akaacha karatasi nyingine ili tuchague aina ya kinga. Niliporudi nikazikuta mezani, kando ya pasi.

Nikwambie ukweli, mimi nimejifunza kusoma ukubwani. Nasoma vizuri, lakini polepole, na maneno marefu nayameza vipande vipande. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza. Kulikuwa na Kinga ya Shaba, Kinga ya Fedha na Kinga ya Dhahabu. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Ada. Dai. Siku za kusubiri. Mchango wa mteja. Uzembe. Matukio yasiyolipwa. Nikasoma mara ya kwanza, sikuelewa. Nikasoma mara ya pili, nikaelewa kinyume. Mara ya tatu nikawa sijui hata bima yenyewe ni nini.

Mume wangu alisema tuchukue Shaba. Ada yake ni ndogo, na inalipa simu ikiibiwa. Si ndicho tunachotaka? Mimi nikasema tuchukue Dhahabu. Sikuwa na sababu, ila jina lilinipendeza. Nani amewahi kupewa dhahabu akalalamika? Yeye akasema mimi napenda makubwa. Mimi nikasema yeye anapenda rahisi. Tukanuniana siku nzima, na bado hatukujua lolote.

Kesho yake alikuja mteja wetu mmoja kuchukua blauzi. Mama huyu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kampuni ya bima, kwenye meza ya madai, yaani pale watu wanapokwenda kuomba walipwe. Sasa amestaafu. Mtaa mzima unampelekea fomu zake, ndiyo maana tunamwita Mama Fomu. Ni mtu wa maneno machache na hana subira na pasi iliyopigwa vibaya.

Nikamwomba atusomee karatasi, atuambie ipi ni nzuri. Hakuzigusa. Aliuliza simu iko wapi. Nikaitafuta. Nikaikuta ukingoni mwa beseni la kusuuzia.

"Usianze na karatasi," akasema. "Anza na simu. Inashindaje kutwa nzima?"

Nikamjibu kwamba inashinda vizuri. Kisha akaomba makopo matatu matupu na vibanio vya nguo. Akatueleza kazi. Kesho, kutoka asubuhi mpaka jioni, kila simu ikikaribia maji, tutie kibanio kimoja katika kopo la kwanza. Kila ikikaribia kuanguka, tutie katika kopo la pili. Kila tukiwa nayo mahali ambapo mtu anaweza kuipora au kuiiba, tutie katika kopo la tatu. Jioni atarudi.

Alipoondoka, Baba Pasi alisema mama huyu amezeeka. Mimi nilicheka, lakini nikayapanga makopo dirishani.

Ile siku ya makopo sitaisahau. Saa moja haijafika nimeshatia vibanio vitano. Napiga picha ya koti lililolowekwa, kibanio. Napokea simu mikono ina povu, kibanio. Naiweka ukingoni mwa beseni ili nikamue shuka, kibanio. Mume wangu naye akaiweka juu ya rundo la mashuka, ikateleza, akaidaka kwa goti. Kibanio, kopo la pili. Nilipokwenda zahanati nikapita penye watu wengi, nikaishika mkononi. Kurudi, kibanio, kopo la tatu. Mchana nikaishiwa na vibanio, ikabidi nianue soksi za watu ili nipate vingine. Nilishangaa mno, maana nilijiona mtu mwangalifu.

Jioni Mama Fomu alikuja, akakaa kwenye kigoda changu, akamwaga makopo. Kopo la maji lilikuwa na vibanio thelathini na vinne. La kuanguka, kumi na moja. La wizi, viwili.

"Basi adui wa simu yenu ni nani?" akauliza.

Hata mimi niliona. Lakini mume wangu alikataa. Alisema vibanio ni vibanio tu, na simu yetu ya kwanza haikuliwa na maji, iliibiwa. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo. Alikuwa anakunja shati. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Sikuelewa ana nini.

Mama Fomu hakubishana naye. Akachukua fomu ile iliyojazwa nusu, akaisoma kwa sauti kutoka juu. Jina, lilikuwa la mume wangu. Mtumiaji mkuu wa simu, yeye. Kazi, aliandika hana kazi, yuko nyumbani. Nikaruka. Nikamuuliza tangu lini amekuwa hana kazi, na mikono yetu imekuwa kama kamba kwa kazi. Akasema wakala alimwambia simu ya kazini ada yake ni kubwa kidogo, kwa hiyo akaona aokoe.

Mama Fomu alieleza polepole, na hapa nilimwelewa vizuri. Kampuni inakubali kubeba hatari yako kwa sababu umeieleza hatari hiyo. Ukisema unakaa nyumbani, wamebeba hatari ya mtu anayekaa nyumbani. Siku simu itakapoingia katika beseni la wanga, watauliza wanga ulitoka wapi. Watagundua wewe ni dobi. Watakuonyesha fomu uliyosaini, na hawatalipa. Utakuwa umetoa ada mwaka mzima bure. Bora ulipe kidogo zaidi, uwe umesema kweli.

Akaendelea kusoma. Swali la saba lilisema: Je, umewahi kupoteza au kuharibu simu katika miezi kumi na miwili iliyopita? Ilikuwaje? Mume wangu alikuwa ameandika kwamba iliibiwa uani na mtu asiyejulikana.

"Hii nayo ni kweli?" Mama Fomu akauliza.

Shati lile lilikuwa limekunjwa mpaka limekuwa dogo kama leso. Mume wangu akaliweka chini. Kisha akaketi kwenye ukingo wa meza, akasema bila kututazama.

"Hakuna aliyeiiba. Niliidondosha mimi, kwenye wanga."

Akaeleza yote. Nilikuwa nimetoka na mashuka. Akaenda uani kupiga picha za makoti, akaitua simu ukingoni mwa beseni la wanga ili akune mgongo. Ikateleza. Aliipapasa mle ndani, akaitoa inadondosha wanga mzito, akaikausha kwa pasi. Ikatoa moshi. Akaogopa. Nilikuwa namwambia kila siku asiiweke pale. Akaitupa kwenye gari la taka lililokuwa linapita, na aliponiona nikifika mlangoni, neno wizi likamtoka kabla hajafikiri. Baadaye akaona aibu kulirudisha.

Hasira ilinipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mtu niliyelala naye chumba kimoja miezi mitatu! Nilitaka kulia, nilitaka kumtupia beseni. Halafu nikamkumbuka fundi viatu. Miezi mitatu yule mtu ananisalimu, na mimi napita kama yeye ni ukuta. Nilimhukumu kwa kuwa mlango wake unatazamana na wangu. Mume wangu alikuwa ameongopa, lakini mwizi nilimtengeneza mimi.

Nilimwambia mume wangu anyanyuke. Tukavuka uchochoro wote wawili. Nilimwambia yeye ndiye atakayeanza, mimi nitafuata. Fundi viatu alikuwa anafunga vifaa vyake. Baba Pasi akamweleza habari ya simu, ya wanga, ya uongo. Kisha mimi nikamwambia kwamba nilimdhania mwizi, na kwamba naona haya hata kumtazama usoni. Nikamwomba radhi.

Fundi viatu alitusikiliza, nyundo mkononi. Akakuna kichwa. Ilionekana hata yeye amechanganyikiwa.

"Kumbe ni hivyo," akasema. "Mimi nilidhani umekasirika kwa ile ndala niliyokushonea uzi wa kahawia badala ya mweusi."

Akavuta droo, akatoa kibunda cha uzi mweusi. Alikuwa ameununua tangu wiki ile, akingoja nipite na ndala ile airekebishe bila malipo. Nililia pale pale uchochoroni, sikujali nani ananiona. Yeye akawa anasema basi, dada, yamekwisha, huku anatafuta kitambaa safi cha kunipa na hakioni.

Tuliporudi, Mama Fomu alikuwa bado kwenye kigoda, anakagua kola ya blauzi yake. Akasema tuendelee, kwa sababu zimebaki siku tatu.

Sasa tukasoma zile karatasi tukiwa na makopo mbele yetu. Kinga ya Shaba ililipa wizi tu. Ilikuwa inafaa kopo lenye vibanio viwili. Kinga ya Dhahabu, kipenzi changu, ililipa wizi, kuvunjika kioo, na kupotea simu ukiwa safarini nchi za nje. Mama Fomu aliniuliza safari yangu ya nchi za nje ni lini. Kisha akanionyesha mstari kwenye maandishi madogo, nikausoma mwenyewe: kinga hii haihusishi madhara ya maji. Dhahabu yote ile, na maji hayamo! Kinga ya Fedha ndiyo iliyoandika kuanguka, kuvunjika kioo na kuingia maji kwa ajali. Wizi haikulipa.

Mume wangu akauliza, na ikiibiwa kweli je? Mama Fomu akasema basi hatutalipwa. Hakuna bima inayobeba kila kitu kwa ada ndogo. Unachagua ibebe kile kinachoweza kukupata zaidi, na kilichobaki unakilinda mwenyewe. Penye watu wengi, simu ikae ndani ya nguo. Si mkononi.

Yale maneno yaliyonizungusha kichwa aliyatafsiri moja moja. Ada ni ile unayolipa kila mwezi, na ukiruka mwezi mmoja kinga inasimama. Siku za kusubiri zilikuwa kumi na nne. Simu ikiharibika kabla hazijaisha, hawalipi. Mchango wa mteja ni sehemu ya gharama unayobeba wewe siku ya kutengeneza. Katika Fedha ilikuwa robo, kampuni inabeba robo tatu. Dai ni ombi lako la kulipwa, na lazima utoe taarifa ndani ya siku mbili. Ukichelewa, wana haki ya kukukatalia.

Neno uzembe ndilo lililonisumbua. Nikauliza, mtu akiangusha simu si amefanya uzembe? Akasema ajali ni jambo la ghafla ambalo hukulitaka na ulijitahidi lisitokee. Uzembe ni kuiacha simu ukingoni mwa beseni kila siku huku unajua. Akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama pasi. Hapo tukakubaliana kwamba beseni si meza. Nilishona mfuko wa plastiki ngumu wenye kamba, simu ikawa inashinda shingoni mwangu, inatoka kwa picha tu na kurudi.

Akatuambia jambo la mwisho, ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Bima inalipa simu. Picha zilizomo hailipi. Simu ikifa na picha zako, utapewa simu nzima isiyojua koti la nani ni lipi, na muuguzi mkuu hatasubiri. Alituonyesha namna ya kuifanya simu ihifadhi picha mtandaoni yenyewe, kila inapopata mtandao. Neno la siri nikaliandika kwenye daftari, nikalificha ndani ya sanduku la nguo.

Kesho yake wakala alikuja. Tukamwomba fomu mpya. Safari hii mtumiaji mkuu nilikuwa mimi. Kazi, nikaandika dobi, kwa herufi kubwa. Swali la saba, Baba Pasi akalijibu mwenyewe kwa mkono wake. Wakala akaguna kidogo kwa sababu ya kuandika upya, akaongeza ada kidogo, akasaini. Tukabonyeza nyota, alama ya reli, sifuri, sita, alama ya reli, na namba ya utambulisho wa simu ikatokea kwenye kioo. Reli ni ile alama yenye mistari minne iliyokatizana. Namba ile tukaiandika kwenye fomu na kwenye daftari, na risiti ya duka tukaibandika hapo hapo.

Siku kumi na nne zikapita. Mwezi ukapita, na wa pili.

Jumanne moja nilikuwa napiga picha ya koti la mpima damu. Nilikuwa nimeishika simu vizuri, kwa mikono miwili. Upepo ukalirusha shuka kutoka kwenye kamba, likanipiga usoni, likiwa bado bichi. Nilipolitoa, mikono ilikuwa mitupu. Simu ilikuwa imezama katika beseni la kusuuzia, kioo chake kinawakawaka ndani ya maji.

Ulimi wangu ulikuwa tayari kuuliza nani amenisukuma. Nakuapia, ndilo neno la kwanza lililonijia. Na uani nilikuwa peke yangu. Hapo nilimwelewa mume wangu kuliko siku zote tulizoishi pamoja. Nikamwita. Akaja mbio, pasi mkononi, tayari kuikausha.

"Nimeiangusha mimi," nikasema. "Na hiyo pasi irudishe ndani."

Tukafanya kama Mama Fomu alivyotufundisha. Tukaizima. Hatukuichaji, hatukuiweka kwenye moto, hatukuitikisatikisa. Tukaipangusa kwa taulo kavu. Kisha nikavuka uchochoro, nikamwomba fundi viatu atuazime simu yake. Kwa simu hiyo nikatoa taarifa kwa kampuni saa ile ile, nikapewa namba ya dai. Kisha nikafungua daftari, nikaandika neno la siri herufi kwa herufi, na picha zote zikatokea: watu kumi na tisa, kila mmoja na koti lake. Fundi viatu na Baba Pasi wakakaa kupanga makoti. Kesho yake asubuhi tuliyapeleka zahanati. Kila mtu akavaa lake, na muuguzi mkuu hakujua hata kama kuna jambo lililotokea.

Kutoka zahanati tulikwenda moja kwa moja ofisi ya bima, na simu iliyolowa, risiti na daftari. Karani akatupa fomu ya dai. Palikuwa na mistari mitatu mitupu: Eleza kilichotokea. Nikashika kalamu, mkono ukawa mzito. Je, wataita uzembe? Nikawaza niandike kwamba kulikuwa na dhoruba. Nikawaza niandike kwamba nilipata kizunguzungu. Mistari mitatu ilikuwa mirefu mno kwa upepo na shuka.

Mume wangu aliniinamia. "Andika ilivyokuwa," akasema.

Nikaandika: Nilikuwa napiga picha uani, shuka bichi likanipiga usoni, simu ikaanguka kwenye beseni la maji. Sentensi moja. Mstari wa tatu ukabaki mtupu.

Karani alisoma, akafungua faili letu, akaona dobi. Akauliza kwa nini simu haikuwa kwenye mfuko. Nikamwambia picha haipigwi ndani ya mfuko, na nikamwonyesha mfuko wenyewe shingoni. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akafika kwenye swali la saba. Akasema anaona tulipoteza simu nyingine kabla ya hii, na akauliza nani anaweza kumweleza.

Ukumbi ulikuwa na watu, wamekaa kwenye benchi nyuma yetu, wote wanasikia. Nikafungua mdomo nimsaidie mume wangu. Yeye akanigusa bega, akasogea mbele mpaka kwenye meza.

"Hiyo niliidondosha mimi," akasema, kwa sauti ile ile anayowaitia wateja. "Niliidondosha kwenye wanga, nikasema imeibiwa. Haikuibiwa."

Karani akaandika. Akagonga muhuri. Akatuambia tulipe robo yetu, turudi baada ya siku sita kuchukua simu. Baba Pasi akabaki amesimama pale mezani, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi. Nikamshika mkono mmoja, tukatoka.